Kisabo Nilichotundika Salon

Gubu-du, gubu-du, gubu-du. Njo ile sauti, ndiyo yenyewe. Kama umekaa karibu na wachunga ng'ombe wa Masisi, unaijua: ni maziwa yanayosukwa ndani ya kisabo, kile kibuyu cha tumbo nene ambacho mama anakilaza juu ya majani na kukisukasuka mbele na nyuma mpaka siagi itoke. Ni sauti ya amani. Lakini ile niliyoisikia mimi ilitoka ndani ya kibuyu kikavu, chenye mashimo matatu, kilichoning'inia kwenye ukuta wetu, na hakuna mukono uliokigusa. Utasema niliota. Muntu anaota akiwa amesimama, mchana, na ufagio mukononi? Nisikilize kwanza, kisha utasema unavyotaka.

Dada yangu mukubwa alikufa akizaa. Alituachia mutoto, Riziki, mwepesi kama kifaranga. Titi la kumunyonyesha halikuwepo, kwa hiyo kila asubuhi Mama alipeleka maharagi kwa jirani yetu, Mama Yohana, mwenye ng'ombe, na kurudi na maziwa. Sisi ni watu wa maharagi na muhogo. Ng'ombe tunaziangalia tu zikipita. Maharagi yanaenda, maziwa yanakuja, mutoto anaishi.

Nyumba ilikuwa na huzuni, usiniulize. Papa alikuwa anakaa salon, mahali pa kupokelea wageni, anaangalia ukuta kama muntu anayesoma barua. Ukuta wenyewe mweusi kwa moshi. Mimi nikasema moyoni: huyu mutoto akianza kujua kuona, ataona nini? Masizi? Hapana.

Nilikuwa na gazeti moja la picha, la Kifaransa. Mama alipewa na madamu mumoja, muzungu wa shamba la kahawa, ambaye Mama alikuwa anamufulia nguo, siku yule madamu alipofunga mizigo kurudi Ulaya baada ya Uhuru. Ndani mulikuwa picha ya salon ambayo iliniharibu kichwa. Matakia chini, vitambaa ukutani, vikapu, majani yananing'inia, taa yenye matundu, na rangi ambazo hata hazijuani. Chini yake waliandika: style bohémien. Mimi nilifika mwaka wa ine tu kwa masista, Kifaransa changu kinachechemea, basi nikamuuliza mwalimu. Akacheka. "Bohémiens ni watu wa kuhamahama. Wanabeba vyote walivyo navyo, na pale wanapolala wanatundika kila kitu." Tangu siku ile niliwapenda hao watu kuliko watakatifu wengine, Mungu anisamehe.

Nilifanya kazi majuma matatu. Nikapaka ukuta udongo mweupe, juu yake mistari ya udongo mwekundu. Nikatandika mikeka, nikatundika vikapu vya Mama na vipande vya pagne, vile vitenge vyetu. Nikashona matakia na kuyajaza majani makavu ya migomba. Takia moja nililishona na pagne ya marehemu dada, ya manjano yenye ndege wa bulu, na hilo njo lilikuwa la Riziki kulalia. Kisha mulangoni nikaweka rido, pazia la nyuzi za maharagi. Ndiyo, maharagi! Meupe, mekundu, meusi, ya madoadoa. Niliyaloweka, nikayatoboa moja moja na sindano, nikayatunga kwenye nyuzi ndefu. Ukipita, yanasema shwaaa, kama mvua juu ya majani ya ndizi. Hakuna kuku, hakuna panya, hakuna muntu aliyeingia bila rido kusema. Hilo ulishike.

Papa akasimama katikati, mikono nyuma.

"Hii iko salon ao iko soko ya Kalembe?"

"Iko bohémien, Papa."

"Bohémien njo nani? Iko na shamba?"

"Haiko na shamba, Papa. Inahamaka tu."

"Njo maana inatundika maharagi pa mulango. Mwenye shamba angeyapika."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko chake cha kwanza tangu mazishi. Unafikiri ningeacha pale? Kilibaki kitu kimoja: ile taa ya kwenye picha.

Siku moja nilivuka kilima kutafuta majani ya kusukia, upande wa Muheto, na nikapita kwenye boma lililoachwa. Wakati wa fujo, vilima vilipopigana, watu wengi walikimbia. Sitasema nani alimufukuza nani, kila kilima kilikuwa na machozi yake. Nyumba ilikuwa imeanguka nusu. Ndani, juu ya kitako kidogo cha udongo, kwenye majani yaliyogeuka kama majivu, kulikuwa kumelala kisabo, na kifuniko chake cha kusukwa mudomoni. Kizuri! Kimepakwa siagi miaka na miaka, kinang'aa kama ngozi ya muntu. Nikakibeba.

Sikuona kama ninaiba. Kwetu kibuyu ni kibuyu tu. Unawekea maji, unawekea mbegu, kikipasuka unachotea unga. Nani angenifundisha tofauti? Ndani mulikuwa kitu cheupe kimegandamana chini; nikakigonga, nikakimwaga mulangoni. Nyumbani nikapasha chuma kwenye moto, nikatoboa mashimo matatu tumboni ili mwanga utoke, nikakifunga kamba ya shingo, nikakitundika. Nikatia mushumaa ndani na maua mudomoni. Niamini, hata Papa alivuta kiti karibu.

Asubuhi yake maziwa yaliharibika.

Mama aliyaleta mazuri, yenye povu. Alipovuka rido tu, yakawa maji ya kijani yenye mabonge, na harufu. Akasugua chungu kwa majivu. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu akabadilisha chungu, na ikawa vilevile. Riziki tulimulazimisha akatapika, kisha akawa anakataa hata kufungua mudomo. Sauti yake ya kulia ikawa kama ya paka mudogo aliyefungiwa mbali.

Papa akasema, "Yule mwanamuke anatuuwia mutoto."

Mama Yohana aliapa kwamba watoto wake wamekunywa maziwa yaleyale na wanaruka nje. Papa hakusikia. Maneno yakawa mazito, na miaka ile, maneno mazito kati ya watu wa maharagi na watu wa ng'ombe hayakukawia kupata panga. Ilikuwa siku ya Tano, Ijumaa. Papa akasema siku ya Mungu, wakitoka misa, atapanda kule na ndugu zake. Kisha yeye na Mama wakaenda kilima kingine kuomba maziwa. Nikabaki mimi na Riziki.

Kungugu, ule ukungu wa milimani, ilishuka baada ya saa sita, ile nzito inayoingia mpaka kwenye sufuria. Mvua ikaanza. Riziki alilala juu ya takia la mama yake, analia kidogokidogo. Nikaanza kufagia, maana nikiwa na woga mimi nafagia.

Gubu-du. Gubu-du.

Nikainua macho. Kisabo kilikuwa kinacheza kwenye kamba yake, mbele, nyuma, na ndani yake mulikuwa sauti ya maziwa mengi. Maua yalikuwa yanadondoka moja moja.

"Dada, umepamba muzuri."

Nikageuka. Mwanamuke alikuwa ameketi kwenye mukeka, miguu imenyooka. Rido haikusema kitu. Nje mvua inapiga, na kitambaa chake kilikuwa kikavu. Miguu tu njo ilikuwa na tope, tope jeusi la pori la Walikale. Kilima chetu ni chekundu kote, tope la namna ile haliko kwetu. Niliona hayo yote, na unajua nilifanya nini mimi mujinga? Nilifurahi. Tangu nimalize, hakuna mugeni aliyekuwa amesifu salon yangu.

"Asante, Mama. Iko bohémien."

"Njo nini?"

"Watu wa kuhama. Mahali wanalala, wanatundika vitu vyao."

Akapangusa mukeka kwa kiganja.

"Miye pia nilihama," akasema. "Sikuona pa kutundika."

Akanyoosha mikono, akamuchukua Riziki, akamulaza juu ya mapaja yake, kichwa huku miguu huku, na akaanza kumusukasuka. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Na kule ukutani kisabo kinamufuata: gubu-du, gubu-du. Riziki aliacha kulia. Nikashukuru. Kisha nikaona hata kifua chake kinaacha kupanda. Macho yako wazi, midomo inakuwa myeupe.

"Wangu alikuwa kipimo hiki," akasema, bila hasira hata kidogo. "Maziwa yake niliyaacha mule. Nikasema yatungoje. Nani aliyamwaga?"

Ningeweza kusema sijui. Ulimi ulitaka.

"Ni miye, Mama. Sikujua."

"Na nani alikitoboa tumbo? Nani alikifunga kamba ya shingo?"

"Ni miye. Nilitaka huyu mutoto aone rangi. Hana mama."

Akaniangalia. Akaangalia ukuta, mistari, vikapu, vipande vya pagne. Mikono yake haikuacha kumusukasuka Riziki.

Nilipanda juu ya kiti, nikakata ile kamba kwa meno maana kisu sikukiona. Nikakibeba kisabo kwa mikono miwili kama unavyobeba aliyezaliwa leo, nikapiga magoti, nikakilaza mapajani mwake karibu na mutoto. Mikono yangu iligusa magoti yake. Mawe ya mtoni, ndugu yangu, mawe ya mtoni asubuhi.

"Nipe huyu, Mama," nikasema. "Kisabo nitakiziba. Nitakirudisha kwako na maziwa ndani. Huyu njo mumoja tu tuko naye."

Akatia kidole kwenye shimo la kwanza, la pili, la tatu, polepole, kama muntu anayepima kidonda. Kisha akamusukuma Riziki kwangu kwa upande wa mukono.

"Mbele ya siku ya Mungu kufika," akasema.

Riziki akavuta pumzi moja kubwa na kupiga kelele mpaka masikio yakaniuma, na sijawahi kusikia wimbo mutamu kuliko ule. Nilipoinua kichwa, kisabo kilikuwa kimelala peke yake kwenye mukeka. Tope jeusi lilikuwepo. Rido ilikuwa imenyooka, hakuna haragi lililotikisika.

Nilimufunga mutoto mugongoni na kukimbia kwenye mvua hadi kwa Mama Yohana, kisabo kifuani. Alipokiona alishika mudomo.

"Ulikitoa wapi?"

Nikamuambia yote, na machozi.

"Sisi kisabo hakitundikwi, mutoto wangu. Kinalazwa. Mwenyewe akienda mbali, anaacha maziwa kidogo chini, anafunika, ili arudi ayakute."

"Na asiporudi?"

"Kinamungoja."

Mama Yohana alimujua mwenye kisabo. Wakati wa fujo mwanamuke yule alipita njia ya Kalembe na mutoto mugongoni, wakaingia pori la Walikale. Hakuna aliyetoka.

Mama Yohana alinipa nta ya nyuki, tukaziba mashimo matatu. Akakifukiza moshi wa majani, akakipaka siagi. Kisha akachota maziwa na kumupa Riziki palepale, nyumbani kwake. Alikunywa yakabaki tumboni. Papa alitukuta jioni, amekuja na hasira mpaka mulangoni, akaona mutoto anacheua maziwa mazuri juu ya bega langu. Mama Yohana akamusukumia kiti.

"Kaa, Papa. Ao na weye umekuja kutundika kitu?"

Papa akakaa. Akakunywa kikombe kizima, na siku ya Mungu hakuna aliyepanda kilima na kitu mukononi.

Riziki sasa ana miaka mine, anakimbia, anaiba miwa. Lakini pakisukwa maziwa karibu, anaacha muchezo na mwili wake unaanza kwenda mbele na nyuma, macho hayako hapa. Lile tope la mukeka nililiosha kwa majivu na kwa sabuni, halikutoka, tukageuza mukeka. Na mimi, mvua ikipiga mchana, sikio langu la kuume linasikia ile sauti mpaka nasimama kwenda kushika kifua cha mutoto.

Bado napamba. Wasichana wa hapa wananiita, nawapakia kuta zao, nawatungia rido. Ila nakuomba wewe unayesoma: ukikuta kitu kizuri mahali palipoachwa, usiseme hakina mwenyewe. Uliza kwanza kilikuwa kinamungoja nani. Na kama hujui wa kumuuliza, kiache kilale.

Kuna jambo moja sikumuambia hata Mama. Ananiuliza mpaka leo lile takia la manjano lenye ndege lilikwenda wapi, namujibu panya.

Siku ya Posho ya juma lile, ile inayotangulia siku ya Mungu, mbele ya jua kupanda, nilikwenda peke yangu mpaka lile boma la Muheto. Niliondoa majani ya majivu kwenye kile kitako cha udongo, nikatandika mabichi. Juu yake nikaweka takia la dada yangu, nikalilainisha kwa mukono. Nikakilaza kisabo, nikamimina maziwa ya Riziki ya asubuhi ile, nikakifunika. Nikakisukasuka kidogo, mara tatu ao ine, mpaka nikaona kimetulia.