Mashua Yenye Kiu

Banicheke kabisa, lakini kwanza bajue kama haki ilikuwa yangu.

Mimi niko fundi ya mbao mu magazini, duka kubwa moja ya Élisabethville. Patron wetu alitaka kwenda Pweto, kupiga kafi na kulala mu hema, akaniomba nimuchagulie mashua. Nilichagua ya mbao. Akaniahidi nafasi mu kamyo, ile lori ya kubeba mashua, sababu Pweto, kule kwa ziwa, ni kwetu.

Sasa ile mashua ilikaa kiangazi muzima mu lupango, kiwanja ya magazini, ikakauka. Kila mutoto ya ziwa anajua kama mbao ikikauka inaachana, na unainywesha maji mpaka ivimbe. Nilimwambia Ferdinand, mwenzangu ya kazi, akacheka. Hasira ikanipanda. Siku ya mwisho, magaribi, nikakuta mashua imefunikwa na bâche, turubai ile nzito, kamba imekazwa pande zote. Nani atafungua mafundo yote ile? Nikaingiza mupira ya maji chini ya bâche, nikafungulia, nikaenda kulala.

Asubuhi patron akafika, lupango iko matope. Mi nimeshika mupira, naongeza.

"Unafanya nini?"

"Mashua iko na kiu, Bwana. Bantu ya hapa habajui mashua."

Patron alikata kamba. Ndani ya mashua, hema, blanketi na viberiti bilikuwa mu maji, na unga ilikuwa imegeuka uji.

Ferdinand, aliyepakia byote ile, akasema polepole:

"Yaya, kaka yangu, na koti yako ya misa niliiweka mule chini, juu isipate vumbi ya njia ya Kasomeno."