Jezi ya Kipa Clovis

Clovis hakuwa kipa hodari, na mtu akimwambia Wivine kwamba kaka yake alikuwa simba wa langoni, Wivine hugeuza uso. Clovis alifungwa mabao ya aibu. Mpira wa juu ulimbabaisha, na kila aliporudi kutoka uwanja wa vumbi wa mtaa wao, uitwao Kenya, alikuwa na visingizio vyake: jua, upepo, mabeki vipofu. Siku za kazi alichomelea milango ya vyuma. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, kisha mpira. Watu walimpenda kwa sababu hakujua kununa.

Waandikishaji wa askari walipopita mtaani, rais wa timu, Papa Mardochée, alisimama mbele ya vijana akasema kwamba anayelinda lango anaweza kulinda nchi. Watoto wake mwenyewe alikuwa amewaacha nyumbani. Clovis akajiandikisha papo hapo. Mwaka jana aliuawa vitani huko mashariki, na mwili haukurudi.

Kwa ukoo wao, watu wa kaskazini mwa Katanga, mwili ukipotea huzikwa nguo ya marehemu yenye jasho lake. Bila hiyo kilio hakiishi, na Mama Adolphine, mama yao, alikuwa bado analala chini. Nguo za nyumbani Clovis alizigawa kwa rafiki zake siku ya kuondoka. Ilibaki jezi moja tu, ile aliyoivua baada ya mechi yake ya mwisho. Mardochée alikuwa ameitundika kwenye baa yake, juu ya makreti ya bia, bila kuifua, na walevi walipiga picha chini yake. Wivine alipoiomba, aliambiwa asubiri mechi ya kumbukumbu.

Siku ya mechi Mardochée alikuja ameivaa.

Tumbo lilichungulia chini yake. Mafuta ya nyama ya mbuzi yalimtiririka kidevuni, na kila alipomaliza kuguguna mfupa alipangusa vidole kifuani, pale pale kwenye jezi ya marehemu. Kisha akashika kipaza sauti, akamwita Clovis mwanangu, damu yangu, huku akicheua bia. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa uchafu mtupu.

Wivine alikwenda hadi mbele yake.

"Vula, Papa Prezida. Mama anangojea kuzika."

Mardochée alicheka, akasema jezi ni mali ya timu. Lakini nahodha, Djo, alijua habari za yule mama anayelala chini. Akaja kusimama kando ya Wivine, na wachezaji wengine wakamfuata mmoja mmoja, hadi kicheko kikamwishia rais. Jezi ilimganda mabegani kwa jasho. Ilibidi watu wawili waivute.

Nyumbani Mama Adolphine aliipokea kwa mikono miwili. Aliinusa kwenye ukosi, akanusa makwapani, akarudi tena kwenye ukosi. Halafu akaiweka chini.

"Mutoto yangu haiko humu," alisema. "Humu iko ule mubaba. Nikizika hii, nitazika muntu muzima."

"Basi tumuzike," Wivine akajibu, wala hakuwa anatania.

Kuzika jasho la mtu aliye hai ni uchawi, na Mama hakuwa mchawi. Akamwambia alete beseni na sabuni.

Wivine alifua akilia kwa kinyaa. Yakatoka mafuta ya mbuzi, ikatoka bia, na mwisho likatoka vumbi jekundu la uwanjani, la zamani, lililokuwa limeingia ndani kabisa ya mishono. Hilo alitaka kulizuia kwa vidole, lakini lilikwenda na maji.

Jioni waliizika ikiwa bado mbichi, ikinukia sabuni, na Wivine hakuweza kusema wamemzika nani.