Sauti Kwanza, Mzee Baadaye

Yule mzee nilimchukia mapema, na sioni sababu ya kulificha hilo sasa. Alikuwa na duka la intaneti pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, miaka ile ya soko huria ambapo kila aliyeuza shamba lake la chai aliamini anaweza kufanya biashara yoyote. Dishi lilikuwa juu ya bati, kompyuta zilikuwa chini, na yeye alishinda mlangoni akiangalia picha za malori ya mtumba ya Japani. Hakununua hata moja. Alizivuta tu mtandaoni, picha kubwa kubwa, moja baada ya nyingine, na kila alipovuta, duka zima lilikaa likisubiri.

Mimi nilikuwa fundi wake wa mtandao. Nimezaliwa Masukulu, kazi nilisomea Mbeya, nikarudi nikidhani kufanya kazi nyumbani kutakuwa nafuu. Nilijidanganya.

Nyuma ya duka, ng'ambo ya migomba, kulikuwa na nyumba ya mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa Afrika Kusini akitafuta maisha, na nyumba ilikaliwa na mkewe pamoja na mtoto wao mdogo. Yule dada hakuwahi kukanyaga dukani. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana humwepuka baba mkwe: hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, hamsemeshi. Baba mkwe naye hamsemeshi, hamtazami, wala haingii alimo. Watu wengi wa mjini walikuwa wameshalegeza. Mzee huyu hakulegeza hata kidogo. Ndiyo maana nilifunga antena moja dukani na nyingine kwenye ile nyumba, ili dada aongee na mumewe kwa kompyuta akiwa hukohuko kwake, bila kuonana na mzee.

Kazi ikabaki kupanga vipaumbele, yaani nani au nini kipite kwanza mtandao unapobanwa. Nilimweleza mzee kwa upole, wakati huo bado ninao. Nikamwambia sauti ni kama maziwa, yakichelewa njiani yameharibika. Picha ni kama mkungu wa ndizi mbichi, hata ukilala barabarani kesho utaufikisha sokoni. Basi sauti itangulie, kurasa na barua zifuate, mizigo mikubwa iwe ya mwisho.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimeolewa. Halafu akatoa mpango wake. Mashine yake kwanza. Ya pili ile anayokalia mchungaji na wakubwa wa wilaya. Wateja wafuate. Nyumba ya mwanawe mwisho kabisa. Alitaka mtandao wenye adabu, unaojua nani mkubwa na nani mdogo. Nikaupanga hivyohivyo alivyosema, huku nimekasirika.

Haikupita muda, mama mkwe akavuka migomba na ujumbe kutoka kwa mzee. Mwana amepiga simu, amesema mkewe arudi kwao Lupepo, mtoto abaki. Simu ya mkononi ilikuwa moja tu katika ukoo ule, na ilikaa kwenye koti la mzee. Dada hakubishana. Alitaka kitu kimoja, kuyasikia maneno hayo kutoka kwa mumewe mwenyewe, kwa sababu hakuwa tayari kumwacha mtoto kwa habari ya kuletewa. Lakini kila alipompata kwenye kompyuta, sauti ilikatika vipande vipande, mume akasema hasikii, akaaga.

Nilikwenda kumwombea kwa mzee. Nikamwambia asitishe malori yake kidogo tu, Jumapili baada ya ibada, mtu aongee na mumewe.

"Ameshaambiwa," akasema, macho kwenye lori. "Mwanamke hahitaji kusikia jambo mara mbili."

Nilirudi kwenye kompyuta yangu nikaufumua mpango wake wote. Sauti nikaipandisha juu. Mizigo mikubwa nikaitupa chini, na mashine ya mzee nikaibana chini ya hiyo mizigo. Naungama niliifurahia kazi hiyo kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Jumapili ile nilikaa na dada nyumbani kwake nikiangalia jinsi mtandao unavyokwenda. Mume alipopokea, sauti ilikuwa safi kiasi kwamba tulimsikia akivuta kiti. Walisalimiana. Mume akamuulizia mtoto, akaulizia mvua. Kisha dada akauliza lile lake.

Hapo ndipo mzee alipotokea. Lori lake lilikuwa limeganda nusu na alijua nani wa kulaumiwa. Tulimsikia akija kwenye migomba akitukana, akafika mlangoni, akasimama akikohoa, kwani alijua mke wa mwanawe yumo ndani.

"Gwe binti, zima huo mtambo!"

"Ingia uzime mwenyewe, mzee," nikamjibu.

Hakuingia. Hangeweza kuingia, na nilimwambia vile kwa sababu nilijua. Akaendelea kunitukana kutoka nje, mimi na waliokubali kunisomesha.

Ndani, dada alikuwa ameinamia kompyuta akisubiri jibu. Dada akanigeukia.

"Mtandao umekata?"

Nikaangalia. Hakuna kilichopotea njiani. "Haujakata, dada. Yupo."

Akauliza tena, polepole, kama anavyoulizwa mtoto. Ni wewe uliyesema nirudi kwetu? Ni wewe uliyesema nimwache mtoto? Tulimsikia mwanamume yule akipumua.

"Mtandao mbovu huo," akasema. "Sikusikii. Tutaongea siku nyingine."

Nilishindwa kujizuia. Nikainamia kipaza sauti. "Mtandao mzima, shemeji. Mjibu mkeo."

Akakata yeye mwenyewe.

Dada akaniuliza kama na zile siku nyingine mtandao ulikuwa mzima hivi. Nikamwambia hapana, siku zile ulikuwa mbovu kweli. Sijui kama aliniamini. Aliinuka, akambeba mtoto mgongoni, akamfunga kwa kanga akikaza fundo mara mbili. Hakuchukua kitu kingine. Nyumba ile ilikuwa na mlango wa uani ambao ndio dada aliozoea kuutumia kila mzee alipokuwa karibu. Safari hii aliufungua wa mbele.

Mzee alikuwa palepale, mdomo wazi katikati ya tusi. Dada alimtazama usoni.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Mtoto naondoka naye."

Mzee aligeukia ukuta. Akabaki hivyo, amejifunika uso kwa kofia, bila kusema neno wala kutazama, huku mjukuu wake akipelekwa barabarani.