Mukandori na Divai ya Pilipili

Mwaka 2009, majuma mawili kabla ya Pasaka, ndege ndogo iliyotua barabarani kule Kilambo ilishusha bia, na katikati ya bia kulikuwa na boksi moja la divai nyekundu ambalo hakuna aliyeliagiza. Wapagazi walilibeba porini pamoja na mizigo mingine mpaka Omate, kwenye machimbo ya dhahabu ya mashariki mwa Kongo, wakalitua mbele ya duka la Joséphine-Marie. Huyo alikuwa Mnande wa Butembo, mji wa wafanyabiashara, na hakuwa mtu wa kurudisha mzigo.

Alifungua chupa moja, akawaonjesha wateja. Ubishi ukaanza hapo hapo.

"Inachoma kama pilipili," alisema Evode, mchimbaji aliyewahi kuishi Kampala.

"Hapana. Ni moshi," alisema Papa Sébastien, Mnyanga, mwenyeji wa pale, mwenye shamba na mitego msituni. "Moshi wa nyama yenye iko inakauka juu ya moto."

Mwingine alisema ni konfitiri tupu, jamu ya matunda. Mwingine akaitema, akasema alipewa kitu kama hicho zahanati alipokuwa na kikohozi. Joséphine-Marie mwenyewe alisikia tumbaku, lakini alinyamaza kwa kuwa ndiye muuzaji.

Evode akageuza chupa. Kati yao wote ndiye peke yake aliyejua Kiingereza. Akasoma polepole, akitafsiri: "Zinfandel. Mchanganyiko mwekundu, wenye nguvu. Pilipili manga, tumbaku, moshi, matunda ya miiba."

"Njo vile nilisema!" walipaza sauti watu watatu kwa pamoja, kila mmoja akidhani ameshinda.

Lakini habari ilipozunguka kambi kwamba divai ya Joséphine-Marie imetiwa tumbaku na pilipili, hakuna aliyeitaka tena.

Ng'ambo ya njia, mwanamke mmoja alikuwa amesikia yote. Jina lake Mukandori. Alikuwa ametoka Kashuga, Masisi, mwaka uliotangulia, nyumba zilipochomwa, akitembea na binti yake Emérita mgongoni. Hakuja na chombo wala nguo ya kubadili. Alichokuja nacho ni kazi aliyofundishwa na mama yake: kufukia ndizi shimoni ziive, kuzikamua kwa majani makavu, kuchuja, kutia unga wa mtama uliokaangwa, na kungoja. Pombe hiyo ya ndizi, kasiksi, ndiyo iliyomlisha yeye na mtoto.

Ilimlisha kwa shida. Watu wa Omate walisikia anavyozungumza, wakajua ametoka upande wa vita, na wengine wakaanza kusema anatia dawa ya kudhuru kwenye pombe yake. Aliwahi kumsikia Papa Sébastien akisema hivyo kwa sauti. Tangu siku ile alikuwa akinywa kikombe cha kwanza yeye mwenyewe, mbele ya kila mteja. Bado wengi walipita.

Juma Takatifu likaanza. Padri Callixte alifika Omate kwa miguu, mikono mitupu. Wenye silaha walimsimamisha kwenye kizuizi, wakachukua mkoba wake pamoja na divai ya misa. Barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa tangu kabla ya Kwaresima, hivyo hakuweza kuagiza nyingine. Alipoambiwa kuna divai dukani, alikuja mbio, halafu Evode akamsomea maandishi.

Padri akaketi kwenye kreti ya bia. "Divai ya misa ni zabibu tupu," alisema. "Hii wanasema ni mchanganyiko. Siwezi kuweka tumbaku kwenye kalisi."

Joséphine-Marie aliinamisha kichwa. Watu walikuwa hawajapata misa ya Pasaka kwa miaka miwili.

Mukandori alisimama kizingitini mwake. Alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayemlaumu. Alijua pia kwamba akikosea, ataambiwa amempotosha padri. Akavuka njia.

"Padri, unihurumie. Hii divai haiko na pilipili."

"Mama, Evode amesoma."

"Na kasiksi yangu haiko na dawa. Lakini wanasema iko."

Papa Sébastien alitazama miguu yake.

Mukandori akaomba vikombe vitatu. Cha kwanza alijaza kasiksi yake ya kila siku. Cha pili kasiksi ile ile, lakini alitia pilipili aliyoitwanga, akaichuja kwa kitambaa ili isionekane. Cha tatu divai. Kisha akamwomba padri akae nyuma ya duka, na kila mwonjaji amwendee peke yake na kumnong'oneza alichosikia.

"Kama kitubio," alisema Evode, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Walienda mmoja mmoja, watu tisa. Padri aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kikombe cha pili, wote tisa wamesema pilipili. Hakuna aliyesita. Kikombe cha kwanza, mmoja amesema asali, mmoja mkate, mmoja ndizi iliyoiva vizuri. Divai, sijapata majibu mawili yanayofanana. Evode, wewe mwenyewe uliyesema pilipili, leo umeniambia kahawa."

"Leo nilikunywa kahawa, Padri."

Mukandori alizungumza akiwa ameshika kitambaa chake kilicholowa. "Kitu chenye muntu ametia, kila ulimi unakiona. Kitu chenye hakuna muntu ametia, kila muntu anakitafuta mu vitu vyenye amekula. Watu wanasikia asali mu kasiksi yangu tangu nikiwa mutoto kwa mama. Hatujawahi kuwa na muzinga wa nyuki."

Evode aliinyakua chupa tena, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma kidole kikifuata mstari. Ghafla akajipiga paji la uso. "Kuna neno niliruka! Haisemi wametia. Inasema 'harufu ya'. Harufu ya pilipili, harufu ya tumbaku. Na huku chini kuna majina ya vitu vyenye walichanganya, lakini haya siyajui."

Padri akaichukua, akatamka kwa shida jina la kwanza, la pili, halafu akasimama. "Syrah! Hii ninaijua. Profesa wetu seminarini, mzee Mbelgiji, alikuwa na picha ya mzabibu huu ukutani. Ni zabibu. Wamechanganya zabibu na zabibu!"

Joséphine-Marie alipiga kigelegele mpaka wachimbaji wakatoka mashimoni kuuliza kuna nini. Alimpa padri chupa zote zilizobaki, akakataa hata kushukuriwa.

Papa Sébastien hakushangilia. Alichukua kikombe cha kwanza, ile kasiksi ya kila siku, akanywa taratibu mbele ya wote mpaka ikaisha. "Dada," alimwambia Mukandori, "miye njo nilisema unatia dawa. Nilisema bila kuonja."

Mukandori alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. Akaingia ndani, akaosha vikombe vilivyokwisha kuwa safi.

Misa ya Pasaka ilisomwa chini ya turubai, mvua ikipiga kiasi kwamba mahubiri hayakusikika. Watu walijaa mpaka nje, hata wasio Wakatoliki. Juma lililofuata Papa Sébastien alimpeleka Mukandori kwenye kipande cha shamba la ukoo wake karibu na kijito, akamwonyesha mipaka, akasema apande migomba.

Masisi risasi zilikuwa hazijanyamaza. Lakini Mukandori sasa alikuwa na mahali pa kumwitia mtu. Alituma neno kwa wapagazi, lipite kwa mdomo hadi kambi za wakimbizi za Kashuga, kwa dada yake Anne aliyebaki huko: Njoo, kuna kazi ya mikono minne.

Mwezi wa nane Anne alifika, miguu imevimba, kitenge kimechanika, yu hai. Emérita alimkimbilia njiani kabla mama yake hajaweka chini mtungi.