Pikipiki Isiyo na Cheni

Nikinusa grisi kwenye karakana za Kimisagara, namwona tena mama kama siku ile, amepiga magoti uani, amefungua gurudumu la nyuma la pikipiki aliyotuachia baba alipofariki. Haikuwa na cheni. Gurudumu lilizungushwa na meno ya chuma yaliyofichwa ndani, nayo yalikuwa yamekauka na kushika kutu.

“Uza tu, mama,” jirani yetu fundi alimwambia. “Hii kazi iko ya wanaume.”

“Basi niazime spana yako.”

Alisugua kutu kwa mswaki mkuukuu, akapaka grisi jino baada ya jino, akarudisha gurudumu na kukaza nati. Kisha akanipakia. Tulipanda mlima hadi Nyamirambo bila kusimama, mama akimpigia honi kila mwanamume aliyegeuka kututazama.