Nilivyoyanyoosha maelezo ya mpwa wangu, nikahamishiwa barazani

Wakuu, habari za jioni. Haya yametokea nyumbani kwangu hapa Bagamoyo na mhusika ameniruhusu kuyaandika. Jina lake nimelibadilisha. Upumbavu ni wangu halisi.

Mpwa wangu, tumwite Rehema, ana miaka ishirini na sita, fundi cherehani. Mwaka jana alibakwa na mtu anayemfahamu. Undani wa tukio hamtausoma hapa.

Alimwambia mke wangu, na siku hiyohiyo wakaenda hospitali, akapewa dawa. (Kuna dawa zinazotakiwa ndani ya siku tatu, wakuu. Hilo lishikeni hata kama mengine mtayasahau.) Huko akapata muuguzi wa ushauri nasaha, mama mmoja asiye na haraka.

Shida ikawa ndugu. Kila aliyeingia na "pole mwanangu" alitaka asimuliwe upya, na kila akisimulia, Rehema alishinda siku mbili bila kugusa cherehani.

Muuguzi akashauri aseme mara moja tu, kwa mtu anayemwamini, yaandikwe. Akiwa tayari, ayapeleke mwenyewe dawati la jinsia, polisi.

Rehema akanichagua mimi. Nilivimba kichwa, nakiri. Nina shahada mbili na makala ambazo hata mke wangu hazimalizi. Hatimaye nimepata kazi.

Nikaandika kwenye daftari kama alivyosema. Alianzia kwenye redio ya jirani, akarukia mwisho, akarudi kwenye kitambaa cha bluu alichokuwa anakikata, akasema "sikumbuki" mara nyingi sana.

Kesho yake, bila kuombwa na mtu, nikafungua laptop nikayanyoosha. Mwanzo, kati, mwisho. Redio nikaitoa. "Sikumbuki" zote nikazitoa. Penye pengo nikajaza kwa akili yangu ya chuo kikuu.

Kisha nikamsomea, kwa sauti ya mhadhiri.

Akauliza, "Mjomba, huyo dada ni nani?"

"Ni wewe, mwanangu. Nimeyapanga tu."

"Kama hata wewe umeona ya kwangu hayafai, basi polisi siendi."

Akaingia chumbani. Chakula cha mchana hakuja kula. Mke wangu aliniwekea sahani bila kuniangalia.

Nikaenda kwa muuguzi nikitegemea ataniunga mkono. Akanieleza taratibu kwamba hofu kali huifanya kumbukumbu irudi vipande vipande, na vipande si uongo. Hiyo redio niliyoifuta huenda ndiyo kitu anachokikumbuka vizuri kuliko vyote.

"Yule alimnyang'anya uamuzi," akasema. "Na wewe umemnyang'anya tena, kwa Kiswahili kizuri."

Nilirudi nikafuta kazi yangu yote. Nikampa Rehema daftari lile la kwanza, nikaomba radhi bila kueleza nia yangu ilikuwa nini. Kwa mtu wa maneno kama mimi, hiyo ilikuwa saumu.

Kesho kutwa yake akatoka chumbani na kalamu. "Shikamoo Mjomba. Naandika mwenyewe. Wewe kaa barazani, asiingie mtu."

Nikakaa. Mchana akafika shangazi yake kutoka Lugoba, amekuja kusikia kwa masikio yake. Sikumzuia. Nilianza tu kumsimulia tasnifu yangu ya chuo. Alivumilia mpaka sura ya pili, akakumbuka ana safari.

Kupitia dirishani nikamsikia Rehema anacheka. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo kwa wiki nyingi.

Alikwenda dawati na mke wangu. Askari wa kike alimuuliza kwanza angependa mlango uwe wazi au ufungwe, kisha akayasoma yote, na redio ikiwemo, bila kumharakisha. Kesi inaendelea, sitaigusa. Cherehani imerudi kazini. Kanzu yangu ya Idi kaishona yeye, na mikono imelingana.

Nilichojifunza: mwamini, mwache aamue yeye aseme nini na lini, na kama huna la kufanya, linda mlango.

Karibuni mchangie, hasa waliowahi kukaa na mtu wao katika hali hii. Anayetaka kuuliza alikuwa amevaa nini, tasnifu yangu ina sura saba.

Uzi huu Rehema kausoma kabla sijauweka. Kafuta aya mbili, na moja ndiyo niliyokuwa naipenda kuliko zote.

Nimeziacha zilivyofutwa.