Mfupa wa Sato na Karatasi ya Sabuni

Siku yangu ya kwanza kazini, kijijini Bukima kando ya ziwa, Mwalimu Mkuu alinikabidhi watoto sitini na kipande kimoja cha chaki. "Hiyo ni ya mwezi mzima, mwalimu," alisema. Nilidhani ananitania.

Basi nikafundisha kwa michezo. Upo mchezo wa kuainisha, yaani mtoto anapanga vitu kwa makundi anayoyaona yeye mwenyewe. Nilimwaga sakafuni kokoto, magunzi, mifupa ya sato, na karatasi ya sabuni niliyoitunza tangu chuoni. Sharti lilikuwa moja: kila kundi liwe na sababu, na sababu ya mwenzio huicheki. Nyangeta, msichana wa miaka saba, alianza shule hafungui mdomo. Baada ya miezi mitatu hakushikika kwa sababu zake. Nilijivunia mno, nakiri.

Siku moja akaja Mkaguzi wa Elimu, ameongozana na Katibu Kata wa chama, wakasimama mlangoni. Nikamwita Nyangeta mbele ili nimwoneshe. Akaweka mfupa wa sato juu ya karatasi ya sabuni.

"Hivi vinahusianaje?" Mkaguzi aliuliza.

Mtoto alinitazama kwanza. Nikamwitikia kwa kichwa, aseme.

"Baba anapelekaga samaki ng'ambo. Samaki zinaenda, sabuni inakuja."

Miaka ile maduka yalikuwa matupu, na sabuni ya ng'ambo ilikuwa magendo, kosa la kufungwa. "Mtoto huyu anafikiri vizuri sana," Mkaguzi alisema, akaandika. Katibu Kata naye akaandika. Hata kengele ya mapumziko sikuisikia.

Keshokutwa yake baba yake Nyangeta alikamatwa mwaloni Murangi, mitumbwi ya samaki inapotia nanga. Mama yake Nyangeta akaja kwangu, hakulia. "Mwalimu, ni wewe ulimfundisha kusema?"

Nilijibu ndiyo. Ningesema nini?

Baba alirudi baada ya mwaka. Nyangeta hakurudi mchezoni. Kila nikimuuliza sababu alikunja mikono: "Sijui, mwalimu." Akamaliza shule hivyohivyo.

Baadaye nilihamishiwa Bunda kuwa Mwalimu wa Taaluma, na biashara ya ng'ambo ikaruhusiwa. Sokoni nikakuta sabuni ileile, karatasi ileile, imepangwa mezani mchana kweupe. Nikashika moja, nikairudisha. "Mama, unachukua ngapi?" muuzaji aliniuliza.

Sasa nimestaafu, nipo Butiama. Walimu vijana wanakuja kuchukua michezo yangu, nami nawapa yote. Nawaambia, kabla hujamuuliza mtoto kwa nini, tazama nani amesimama mlangoni. Wanadhani natania.

Juzi mjukuu wangu kauliza kwa nini bibi hanunuagi sabuni ile. Nikakunja mikono. "Sijui," nikamwambia.